UZI: Julia Domna, binti wa kuhani wa Emesa aliyeshika mfuko wa barua za Dola ya Roma

Mleta mada:

Wanajukwaa, salaam.

Mazungumzo ya wake wa makaisari wa Roma yakianzishwa humu, hayachukui muda kufika kwa Messalina na Agrippina, na yakishafika huko yanabaki kuwa hesabu ya nani alilala na nani na nani alimtilia nani sumu. Leo naomba tumjadili mwanamke ambaye masimulizi ya namna hiyo hayamtoshi. Ni Julia Domna, aliyeishi katika kilele cha utawala wa Roma kuanzia mwaka 193 hadi 217, kwanza akiwa mke wa Kaisari Septimius Severus, kisha akiwa mama wa Kaisari Caracalla. Hoja yangu ni kwamba madaraka yake halisi, hasa katika miaka ya mwisho, yalikuwa katika barua: nani aliandikiwa, nani alijibiwa, na ni waraka upi uliofika mbele ya Kaisari na upi ulioishia mikononi mwa mama yake. Nitaieleza kwa urefu, kwa hiyo mwenye haraka anivumilie.

Alizaliwa Emesa, mji ambao leo tunauita Homs, nchini Syria. Baba yake, Julius Bassianus, alikuwa kuhani wa mungu Elagabal, ambaye hakuwa na sanamu yenye sura ya mtu, bali aliabudiwa kupitia jiwe kubwa jeusi, la mviringo chini na lililochongoka juu. Mji huo ulikuwa na wafalme wake wenyewe kabla Roma haijautwaa, na hata baada ya ufalme kwisha, ukuhani ulibaki na heshima zake na mali zake. Julia alikuwa na dada mmoja, Julia Maesa. Lishikeni jina hilo.

Mumewe naye hakuwa mtu wa Roma kwa asili. Severus alizaliwa mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya ya leo, na inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzeeni. Alipofiwa na mke wake wa kwanza, Paccia Marciana, ambaye pia alitoka Leptis, alianza kutafuta mke mwingine, na hapo ndipo inapoingia hadithi ya falaki: kwamba alisikia kuwa huko Syria kuna binti ambaye nyota zake zinasema ataolewa na mfalme, naye akatuma posa. Wengi huicheka hadithi hii. Mimi naiona inawezekana kabisa kwa mtu wa aina yake, maana alipokuwa Kaisari aliamuru nyota za kuzaliwa kwake zichorwe kwenye dari za vyumba vya ikulu alimokuwa akisikiliza kesi, isipokuwa ile sehemu iliyoonyesha saa yenyewe, asije mtu akapiga hesabu na kujua siku ya kufa kwake. Hata hivyo, tusisahau kwamba miaka michache kabla ya ndoa hiyo Severus alikuwa kamanda wa jeshi la nne, Scythica, lililopiga kambi Syria. Ukoo wa makuhani wa Emesa ulikuwa unajulikana katika nchi ile, na sidhani kama alihitaji mnajimu wa kumwelekeza mlango.

Walioana mwaka 187, Severus akiwa liwali wa jimbo la Gaul ambalo makao yake makuu yalikuwa Lugdunum, yaani Lyon ya leo. Mtoto wa kwanza, ambaye historia inamwita Caracalla kwa sababu ya joho alilopenda kulivaa, alizaliwa Aprili 188, na mdogo wake Geta akamfuata Machi 189. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba liwali yule atakuwa Kaisari. Lakini usiku wa mwisho wa mwaka 192 Commodus aliuawa, Pertinax aliyemrithi hakumaliza hata miezi mitatu, kisha walinzi wa ikulu wakaunadi ufalme kwa mnada, na Didius Julianus akaununua kwa ahadi ya sesterti 25,000 kwa kila askari. Severus, ambaye sasa alikuwa liwali wa Pannonia na mwenye majeshi ya mto Danube nyuma yake, alitangazwa Kaisari mwezi Aprili 193 na kuingia Roma mwezi Juni. Mpinzani wake wa mashariki, Pescennius Niger, alikuwa liwali wa Syria, kwa maana kwamba nchi ya kwao Julia ndiyo iliyokuwa mikononi mwa adui wa mumewe mpaka Niger aliposhindwa mwaka 194.

Katika mwaka 195 alipewa cheo cha "mama wa kambi". Kabla yake ni mwanamke mmoja tu aliyewahi kuwa nacho, Faustina, mke wa Marcus Aurelius. Severus hakukichagua cheo hicho kwa bahati, kwa kuwa katika kipindi hicho hicho alijitangaza kuwa mtoto wa Marcus Aurelius, mtu aliyekuwa amekufa miaka 15 nyuma, na mwanawe mkubwa akapewa jina la Marcus Aurelius Antoninus. Seneta mmoja aliyeitwa Auspex, mtu wa maneno makali, alimpongeza Kaisari kwa kuwa amefanikiwa kumpata baba. Katika mpango huo Julia alikuwa Faustina mpya. Aliongozana na mumewe vitani mashariki, hadi Waparthi, watawala wa Uajemi wa kale, walipopokonywa mji wao mkuu wa Ctesiphon, kisha wakazuru Misri, na sura yake ikapigwa kwenye sarafu za dhahabu na za fedha zilizolipwa kama mishahara ya askari wale wale ambao yeye aliitwa mama yao.

Hapo kati alipitia kipindi kigumu. Mkuu wa kikosi cha walinzi wa Kaisari, Plautianus, alikuwa mtu wa Leptis kama Severus, na alipata nguvu kiasi kwamba binti yake, Plautilla, aliolewa na Caracalla mwaka 202. Plautianus alimchukia Julia, akawa anapeleleza mwenendo wake na hata kuwatesa wanawake wa nyumba za heshima ili wapatikane wa kumtolea ushahidi, na Kaisari hakumzuia. Cassius Dio, mwanahistoria aliyekuwa seneta zama hizo hizo, anasema kwamba hiyo ndiyo sababu Julia aligeukia falsafa, akawa anashinda na wataalamu wa balagha. Miongoni mwa watu wa baraza lake alikuwemo Philostratus, ambaye anaeleza mwenyewe kwamba Julia ndiye aliyemwagiza kuandika habari za maisha ya Apollonius wa Tyana, mwenye hekima aliyesifika kwa miujiza. Baraza lile lilikuwa pia mlango wa ajira: Philiscus wa Thessaly alipata kiti cha kufundisha balagha mjini Athene kwa kupita kwake. Plautianus aliuawa ndani ya ikulu mwezi Januari 205, na Dio anasimulia kwamba mtu mmoja alinyofoa ndevu za maiti yake na kuwapelekea Julia na Plautilla kabla hawajapata habari, akisema, "Tazameni, huyu ndiye Plautianus wenu." Mmoja alipata msiba na mwingine furaha kwa ndevu zile zile.

Mwaka 208 familia nzima ilihamia Uingereza kwa ajili ya vita dhidi ya makabila ya kaskazini. Kuna mazungumzo mafupi yaliyotufikia kutoka huko, ambayo Julia hakushinda. Baada ya mkataba wa amani alikuwa akimtania mke wa chifu wa Wakaledonia aliyeitwa Argentocoxus, kwamba wanawake wa huko hulala na wanaume bila kificho. Yule mama alimjibu kwamba wao huwa na wanaume bora hadharani, ilhali wanawake wa Roma huchafuliwa kwa siri na wanaume wabaya kuliko wote. Nikikumbuka tuhuma za Plautianus, naona jibu lile lilimgusa Julia mahali penye kidonda.

Severus alifariki York tarehe 4 Februari 211, akiwa amewausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari na wasiwajali watu wengine wote. Usia wa pili na wa tatu ulitekelezwa. Ule wa kwanza haukutekelezwa hata siku moja, kwani ndugu wale waligawana ikulu kwa kuziba milango ya katikati. Herodian, mwanahistoria mwingine wa zama hizo, anasema walifikia hatua ya kupanga kugawana dola, Caracalla abaki na Ulaya na Geta achukue Asia, na kwamba mama yao aliwauliza: nchi na bahari mmepata namna ya kuzigawa, je, mama yenu mtamgawa vipi? Mpango ukafa hapo.

Mwezi Desemba wa mwaka huo Caracalla alimwomba mama yake awaite wote wawili chumbani kwake, bila walinzi, ili awapatanishe. Geta aliingia akiamini wito wa mama. Maaskari waliokuwa wameandaliwa wakavamia, kijana akamkimbilia Julia, akamng'ang'ania shingoni na kifuani akimwita mama amwokoe, akauawa akiwa mikononi mwake. Alikuwa na umri wa miaka 22. Damu ilimwenea Julia mwili mzima, hata jeraha alilopata mkononi hakulihisi. Baada ya hapo hakuruhusiwa kulia wala kuomboleza, hata akiwa peke yake, kwa kuwa kila neno lake, kila mabadiliko ya uso wake yalikuwa yakipelelezwa. Alitakiwa acheke kana kwamba amepata neema kubwa. Dio anataja watu wapatao 20,000 waliouawa kwa kuhesabiwa kuwa upande wa Geta.

Sasa nafika kwenye kiini cha uzi. Mwanamke huyo huyo, baada ya yote hayo, ndiye aliyekabidhiwa na Caracalla kazi ya kupokea maombi ya watu na kusimamia barua za Kaisari za Kilatini na za Kigiriki, isipokuwa zile zilizohusu mambo mazito kabisa. Jina lake liliandikwa pamoja na la Kaisari na la majeshi katika barua zilizopelekwa Seneti, na wakubwa wote walikwenda kumwamkia kama walivyokwenda kwa Kaisari. Ipo barua yake mwenyewe kwa watu wa Efeso, iliyochongwa kwenye jiwe, ambamo anaunga mkono maombi ya mji huo ya kupata fadhila kutoka kwa mwanawe. Caracalla alikuwa njiani au kambini karibu muda wote, akipenda kuchimba handaki na kula chakula cha askari, na mtu wa namna hiyo alihitaji mwingine akae na karatasi.

Alijaribu pia kumzuia katika matumizi. Siku moja alimlaumu kwa mamilioni anayowapa askari, akimwambia kwamba hakuna tena chanzo cha mapato kilichobaki, kiwe cha haki au cha dhuluma. Caracalla alimwonyesha upanga wake na kumwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa maadamu wanacho kitu kile, fedha hazitawakosa.

Mwaka 217 Caracalla alikuwa Mesopotamia akijiandaa kupigana na Waparthi, na Julia alikuwa Antiokia. Mtabiri mmoja barani Afrika alikuwa ametangaza kwamba Macrinus, mkuu wa walinzi wa Kaisari, pamoja na mwanawe, watatawala. Mtabiri huyo alipelekwa Roma, akayarudia maneno yake mbele ya Flavius Maternianus, aliyekuwa akisimamia askari wa mjini, na Maternianus akamwandikia Kaisari mara moja. Lakini kulikuwa na agizo kwamba barua zote zipite kwanza Antiokia ili Julia azichambue, Kaisari asije akabebeshwa rundo la nyaraka zisizo na maana akiwa katika nchi ya adui. Barua ile ikaelekezwa kwa Julia. Wakati huo huo barua ya mtu mwingine, Ulpius Julianus, ilisafiri kwa matarishi wengine moja kwa moja hadi kwa Macrinus na kumweleza hatari iliyokuwa inamkabili. Macrinus aliona kwamba akichelewa atakufa yeye. Tarehe 8 Aprili, kwenye barabara ya kwenda Carrhae, Caracalla aliposhuka kwenye farasi ili ajisaidie, askari aliyeitwa Martialis, mwenye kinyongo cha kunyimwa cheo, alimsogelea kama mtu mwenye neno la kumwambia, akamchoma kisu.

Kwa hiyo utaratibu ule ule uliompa Julia nguvu kuliko mwanamke yeyote wa wakati wake ndio uliokawiza onyo ambalo lingeweza kumwokoa mwanawe.

Karibuni kwa mjadala.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu mleta mada, ahsante kwa andiko. Nina maswali mawili. La kwanza: je, Severus alikuwa mtu mweusi, kama inavyodaiwa mara kwa mara? La pili: habari kwamba Julia alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Caracalla umeiruka kwa makusudi au huiamini?

Mleta mada:

Ndugu, nashukuru kwa maswali.

Kuhusu Severus, kilicho wazi ni kwamba Leptis Magna ulianzishwa na Wafinisia na kwamba kwao kulizungumzwa Kipuniki, lugha ya Wafinisia hao. Inasimuliwa hata kwamba dada yake alipomtembelea Roma alizungumza Kilatini kibovu mpaka Kaisari akaona aibu. Kuna picha moja ya rangi, iliyochorwa kwenye ubao wa mviringo wenye upana wa karibu sentimita 30, ambayo ilitoka Misri na sasa iko Berlin. Severus anaonekana mwenye ngozi ya kahawia na ndevu zenye mvi. Pembeni yake yuko Julia, mweupe zaidi, nywele zake nzito zikiwa zimepangwa kwa mawimbi, na lulu masikioni na shingoni. Mbele yao wamesimama watoto wawili, lakini mmoja hana uso: umekwanguliwa hadi mbao ikabaki tupu, na mahali hapo pakapakwa kinyesi. Huyo ni Geta. Mimi nisingeichukua picha ya namna hiyo kama kipimo cha rangi ya mtu, kwa sababu wachoraji wa zama hizo walikuwa na desturi ya kuwapaka wanaume rangi nzito kuliko wanawake. Kwamba Severus alikuwa mtu wa Afrika ni hakika. Zaidi ya hapo ni kumlazimisha aingie katika ugomvi wa karne zetu.

Kuhusu swali la pili, siiamini, na sababu yangu ni mahali habari yenyewe ilipotoka. Herodian anasema watu wa Aleksandria, waliokuwa na sifa ya kuwadhihaki watawala, walimwita Julia kwa jina la Jocasta, yule mama wa hadithi za Kigiriki aliyeolewa na mwanawe bila kujua. Caracalla aliwalipa kwa kuwaua kwa wingi mwaka 215. Waandishi wa baadaye waliichukua kejeli ile na kuipamba, hata wakafika kusema kwamba Julia alikuwa mama wa kambo tu na kwamba aliolewa kweli na mwanawe. Hilo la mama wa kambo ni uongo wa wazi, na linaonyesha jinsi walivyohangaika kuifanya hadithi yao iweze kumezeka. Dio, ambaye hakumpenda Caracalla hata kidogo na asingeacha kulitumia jambo kama hilo, anatuambia kwamba Julia alimchukia mwanawe alipokuwa hai.

Mchangiaji wa pili:

Naomba nipinge kidogo. Mleta mada anamsawiri kama mtawala, lakini nikisoma andiko lake mwenyewe namwona mwanamke asiyeweza kumzuia Plautianus, asiyeweza kumwokoa Geta, na ambaye mwanawe alimwonyesha upanga alipomshauri habari za fedha. Hayo ni madaraka gani? Pia ushahidi karibu wote ni wa Cassius Dio, ambaye alikuwa seneta, na maseneta walikuwa na kinyongo na utawala ule.

Mleta mada:

Pingamizi lako ni zito na ndilo nililokuwa nalisubiri.

Nianze na Dio. Ni kweli kwamba alikuwa na chuki zake, lakini alikuwa seneta wakati mambo haya yakitendeka, na barua za Kaisari zenye jina la Julia zilisomwa katika baraza alimokuwa ameketi. Vitabu vyake vingi vya zama hizi vimetufikia kupitia muhtasari wa mtawa Xiphilinus wa karne ya 11, lakini sehemu inayohusu mwaka 217, yaani ile barua iliyopotea njia na kifo cha Julia, imesalia kwa maneno ya Dio mwenyewe katika hati ya kale ya ngozi iliyoko Vatikani. Na hatumtegemei yeye peke yake, kwa sababu mawe na sarafu haviwajibiki kwa vinyongo vya maseneta.

Nitaje jiwe moja tu. Mjini Roma kuna lango la mawe lililojengwa mwaka 204 na wabadilisha fedha pamoja na wafanyabiashara wa ng'ombe kwa heshima ya familia hii. Ukiingia chini yake, upande mmoja unamwona Severus akitoa kafara, Julia yuko ubavuni mwake, na kando yake pana nafasi pana isiyo na kitu: hapo alisimama Geta. Upande wa pili Caracalla amebaki peke yake kwenye ukuta, kwa kuwa mkewe Plautilla na mkwewe Plautianus wamefutwa kwa patasi. Juu, kwenye maandishi, majina ya waliouawa yalifutwa, na nafasi zao zikajazwa sifa za waliobaki. Jina la Julia sasa linasomeka kuwa ni mama wa Augusto (yaani wa Kaisari), wa kambi, wa Seneti na wa nchi. Fikiria kuvaa heshima iliyochongwa juu ya jina la mwanao aliyefutwa. Lakini fikiria pia kwamba waliochonga waliona ni lazima kuziandika, maana hakuna mke wa Kaisari aliyekuwa amewahi kuwa na vyeo hivyo vyote kwa pamoja.

Sasa kuhusu udhaifu wake. Hakuwa na jeshi, hakuwa na haki ya kuketi Seneti, na kila alichokuwa nacho kilitokana na mume au mwana. Alichofanya Plautianus kilidumu mpaka Severus alipochoka naye, na Geta alikufa kwa sababu wito wa mama ulitumiwa kama mtego. Sibishi. Ninachosema ni kwamba madaraka ya kuazima yana uzito wake kwa muda ambao mtu amekuwa nayo. Mwombaji wa Efeso, au wa mji wowote ule wa mashariki, ambaye ombi lake liliwekwa kando Antiokia, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na Caracalla hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Mwaka 212, alipotoa tangazo la kuwapa karibu watu huru wote wa dola uraia wa Roma, ambalo Dio anasema lilikuwa na lengo la kuongeza walipa kodi, idadi ya wenye kudai haki za raia iliongezeka ghafla kutoka Uingereza hadi Mesopotamia, na barua za raia hao wapya zilihitaji mtu wa kuzisoma. Si kazi ya kumpa mtu unayemdharau.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, umetuachia hadithi katikati. Baada ya Caracalla kuuawa, mama yake alifanywa nini? Aliuawa na Macrinus?

Mleta mada:

Hakuuawa, angalau si kwa mkono wa mtu.

Habari zilipomfikia Antiokia alijipiga kifua kwa nguvu kama mtu anayetaka kufa. Dio anasema kilichomuuma si mwana bali kurudishwa katika maisha ya mtu wa kawaida, na hapo nadhani Dio anamwonea. Mtu anaweza kumchukia mwana na bado akaumia kwa kumzika, hasa akiwa wa mwisho. Macrinus, ambaye alikuwa Kaisari wa kwanza asiyetoka katika daraja la maseneta na alihitaji utulivu, alimwandikia kwa maneno mazuri na hakumwondolea watumishi wala walinzi wake. Julia akapata moyo. Hakumjibu. Badala yake alianza kuzungumza na askari waliomzunguka, na inasemekana alikuwa na matumaini ya kutawala mwenyewe, kama Semiramis na Nitocris, malkia wa kale wa nchi za mashariki kama kwao. Macrinus alipopata habari alimwamuru aondoke Antiokia, aende popote anapotaka.

Wakati huo huo alisikia yanayosemwa Roma kuhusu mwanawe, na alikuwa mgonjwa. Alikuwa na saratani ya titi iliyokuwa imetulia kwa muda mrefu, na kile kipigo cha kifua kiliichochea. Aliacha kula, akafa katika mwaka huo huo wa 217. Mwili wake ulipelekwa Roma na kuwekwa katika kaburi la jamaa ya Augusto, Kaisari wa kwanza. Baadaye dada yake, Maesa, aliyahamisha mabaki yake pamoja na ya Geta hadi katika kaburi kubwa lililojengwa na Hadrian kando ya mto Tiber, ambamo Severus alikuwa amezikwa, na Julia akatangazwa kuwa miongoni mwa miungu.

Mchangiaji wa tatu:

Kwa hiyo ukoo wake uliishia hapo?

Mleta mada:

Hapana, na ndiyo maana niliwaomba mlishike jina la Maesa.

Macrinus alimfukuza Maesa arudi kwao Emesa, lakini hakumnyang'anya mali aliyokuwa amekusanya kwa miaka yote ya kukaa ikulu na dada yake. Hilo ndilo kosa lililomgharimu. Maesa alikuwa na mabinti wawili, Soaemias na Mamaea, na mjukuu wa miaka 14 aliyekuwa kuhani wa lile jiwe jeusi. Askari wa kambi ya karibu walikuwa wakienda hekaluni na kumwona mtoto yule. Maesa na watu wake wakaeneza maneno kwamba ni mtoto wa siri wa Caracalla, wakaahidi fedha, na mwezi Mei 218 askari wakamtangaza Kaisari. Macrinus alishindwa karibu na Antiokia mwezi Juni, akakimbia, akakamatwa na kuuawa. Kijana huyo, ambaye tunamwita Elagabalus kwa jina la mungu wake, aliliingiza jiwe la Emesa katika mji wa Roma na kulijengea hekalu kwenye kilima cha Palatino. Warumi hawakumvumilia. Aliuawa mwaka 222 pamoja na mama yake, na Maesa, aliyekwisha kuiona hatari hiyo mapema, alikuwa na mjukuu wa pili tayari, Alexander, mtoto wa Mamaea. Huyo alitawala chini ya uangalizi wa bibi na mama hadi mwaka 235, askari walipomuua yeye na Mamaea katika mpaka wa mto Rhine, wakisema wamechoka kutawaliwa na mwanamke bahili.

Maesa anastahili uzi wake. Mwenye nafasi auanzishe, nitachangia.